Breketi, bushi na gasketi: tengeneza vipuri vidogo vya pikipiki kwa mkono wako

Maswali huwa ni yale yale. Breketi ya taa niikate kwenye bati la unene gani? Alumini si ingefaa zaidi, maana ni nyepesi? Na lile ambalo hunisikitisha kila nikiulizwa: mbona breketi niliyoitengeneza imekatika ndani ya wiki mbili, na chuma kilikuwa kinene? Nimekuwa nikimjibu mtu mmoja mmoja. Hapa nimeziweka hatua zote pamoja, kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kukata chuma hata mara moja.

Kazi kuu itakuwa breketi, yaani kishikio cha bati, ya umbo la L ya kushikia taa ya ziada mbele ya pikipiki. Nimeichagua makusudi. Ni ndogo, ikikatika haikuangushi, na ndani yake mna karibu kila ujuzi utakaouhitaji baadaye ukitaka kutengeneza kishikio cha simu au sehemu ya kufungia boksi: kupima, kukata, kutoboa, kukunja, kulainisha na kufunga. Mwishoni nitaongeza bushi (kibomba cha kusogezea) na gasketi (karatasi ya kuzibia kati ya kava na injini) kwa ufupi, kwa sababu huulizwa karibu kila mara.

Usivyopaswa kutengeneza

Kabla ya kushika msumeno jiulize: kipuri hiki kikikatika nikiwa kwenye mwendo, nini kitatokea? Jibu likiwa "taa itaning'inia kwenye waya wake", endelea. Jibu likiwa "nitaanguka", nunua kilichotoka kiwandani.

Kwa hiyo ekseli, sehemu za breki pamoja na breketi ya kushikia kaliperi, klampu za usukani, shokapu, fremu, mkono wa gurudumu la nyuma na sproketi si kazi ya jiliwa la nyumbani. Bushi za pembeni mwa bearing za magurudumu nazo ni hivyo hivyo, kwa sababu upana wake ndio unaoweka gurudumu mahali pake, na kosa dogo huibana bearing hadi ikafa. Bolti za sehemu hizo pia usizibadilishe na zozote ulizookota kwenye kopo.

Na tanki la mafuta usilikate wala usilichomelee, hata kama limekaa tupu kwa miezi. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio unaolipuka, na tanki lisilo na mafuta ni hatari kuliko lililojaa. Hapa sina mjadala.

Uwe na nini mkononi

- Chuma laini cha bati au chuma bapa, unene 3 mm, upana 40 mm. Chukua chenye urefu wa kutosha vipande vitatu, si kimoja. Cha kwanza ni cha kujaribia.
- Kadibodi nyembamba, kama ya boksi la viatu, na mkasi.
- Rula ya chuma, guni ya kupimia pembe mraba, na venia (kipimo cha unene na upana mdogo) kama unayo.
- Kalamu ya wino usiofutika na sindano ya kuchorea chuma. Zote mbili zina kazi zake, utaona.
- Msumeno wa chuma wenye msu (ule ukanda unaokata) wa meno 24 kwa inchi. Kwa bati jembamba kuliko 2 mm tumia meno 32, la sivyo meno yatakwama na kung'oka.
- Tupa bapa, tupa ya nusu mviringo, tupa nyembamba ya mviringo, na msasa namba 120 na 240.
- Panchi ya kutia alama, na nyundo.
- Drili na keekee za 3 mm, 5 mm, 6.5 mm na 8.5 mm.
- Jiliwa lililofungwa imara kwenye meza, na klampu mbili.
- Bolti za M6 na M8 (kipenyo cha 6 mm na 8 mm) zenye alama ya 8.8, yaani daraja la uimara, kichwani, washa bapa, na nati zenye pete ya nailoni.
- Praima, rangi, na spiriti ya kuondolea mafuta.
- Miwani ya kinga. Hii si ya hiari.

Grenda hurahisisha kukata, lakini mwanzo huu hauihitaji. Msumeno wa mkono hukupa muda wa kuona unapokosea.

Glavu ni za kushika bati lenye ncha kali, za kubebea na kukatia. Ukiwasha drili zivue, kwa sababu keekee ikinasa uzi wa glavu huvuta kidole chote. Mikono mirefu ya shati ikunje, na nywele ndefu zifunge.

Chuma gani, na unene gani

Chuma laini cha 3 mm. Kama unataka jibu tu, ndilo hilo, ruka uende kwenye hatua. Kama unataka sababu, soma aya mbili hizi.

Kinachoua breketi ya pikipiki mara nyingi si uzito wa taa. Ni mtetemo. Injini hutikisa kipande hicho maelfu ya mara kwa kila dakika, na chuma kinachopindapinda kidogo mara nyingi huchoka, kisha hupata ufa, kisha hukatika. Ndiyo maana breketi nene lakini ndefu hukatika, na fupi yenye kona laini hudumu. Ukiongeza urefu wa mkono mara mbili, kupinda kwake huongezeka mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu nao huongezeka mara nane. Kwa hiyo fupisha kwanza, nenepesha baadaye.

Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma, ila hupinda karibu mara tatu zaidi kwa unene ule ule, na huvumilia mtetemo wa muda mrefu vibaya zaidi. Ukiitaka, tumia 5 mm badala ya 3. Breketi yetu ya chuma itakuwa na uzito wa gramu 90 hivi. Ya alumini ya 5 mm ingekuwa gramu 50. Umeokoa gramu 40, na umejitafutia tatizo la kukunja, kwa kuwa alumini ngumu ya aina ya 6061-T6 hupasuka ukiikunja kwa kona kali. Aina ya 5052 hukunjika vizuri. Stenlesi ni nzuri kwa kutu lakini huwa ngumu zaidi pale keekee inapoisugua bila kuikata. Iache hadi uwe umetengeneza vipande kadhaa.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta mahali pa kufungia. Angalia karibu na taa kubwa kama kuna bolti mbili zilizo karibu, au bati lenye matundu mawili. Mbili, si moja. Breketi iliyoshikwa na bolti moja huzunguka, na ikizunguka hulegea. Mahali pawe pa chuma, si plastiki. Kisha zungusha usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, ukaze breki ya mbele na kuikandamiza pikipiki chini ili shokapu zizame. Tazama mpira wa breki, waya na nyaya za klachi zinapita wapi. Taa yako haitakiwi kugusa chochote katika hali hizo zote.

2. Tengeneza kwanza kwa kadibodi. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Kata kadibodi, ikunje, ishikilie mahali pake, chora matundu kwa kuibonyeza juu ya vichwa vya bolti, ikatae, kata nyingine. Mimi huwa nafikia kadibodi ya tatu au ya nne kabla ya kuridhika. Kadibodi iliyokosewa inakugharimu dakika tano. Bati lililokosewa linakugharimu jioni nzima. Fungua boksi la taa uiweke taa yenyewe juu ya kadibodi, usikisie ukubwa wake. Zungusha tena usukani.

3. Hamisha vipimo kwenye chuma. Chukulia kwamba kadibodi yako imekupa L yenye upande mrefu wa 60 mm na mfupi wa 40 mm, ukipima kwa nje. Usikate 100 mm. Chuma kikikunjwa hupita njia ya mkato kwenye kona, na kwa bati la 3 mm lenye kona ya ndani ya mviringo wa 3 mm unatoa takriban 5 mm. Kata 95 mm. Mstari wa kukunjia uchore 57 mm kutoka ncha ya upande mrefu, yaani urefu wa nje ukitoa unene wa bati.

   Mistari ya kukatia na vituo vya matundu chora kwa sindano. Mstari wa kukunjia chora kwa kalamu ya wino tu. Mkwaruzo wa sindano kwenye mkunjo ni mwanzo wa ufa. Nimeona breketi nyingi zilizokatika zikiwa zimefuata mstari huo sawasawa, kama karatasi iliyokatwa kwa rula.

4. Panga matundu. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati kusiwe chini ya mara mbili ya kipenyo cha bolti: 12 mm kwa M6, 16 mm kwa M8. Kutoka kwenye mkunjo acha nafasi ili washa ilale bapa. Washa ya M6 ina upana wa 12 mm na ya M8 ni 16 mm. Kwa mfano wetu, matundu mawili ya M6 kwenye upande mrefu yanaweza kukaa 14 mm na 39 mm kutoka nchani, na tundu la M8 la taa likakaa katikati ya upande mfupi. Umbali wa matundu yako utatoka kwenye pikipiki yako, si kwenye mfano huu.

5. Kata. Funga bati kwenye jiliwa, mstari ukiwa karibu na mdomo wake ili bati lisitetemeke. Meno ya msu yaelekee mbele. Sukuma kwa nguvu, rudi bila kukandamiza. Kata 1 mm nje ya mstari, kisha malizia kwa tupa. Haraka ya kukata juu ya mstari wenyewe huishia ndani ya mstari.

6. Toboa upande wa kufungia. Piga panchi mahali pa tundu, la sivyo keekee itateleza. Anza na 3 mm, kisha 5 mm, kisha 6.5 mm. Tundu la bolti ya M6 liwe 6.5 mm na la M8 liwe 8.5 mm hadi 9. Nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayokusaidia vipimo vikikosea kidogo. Keekee ndogo izunguke haraka, kubwa izunguke polepole. Kwa chuma laini, mizunguko 2,500 kwa dakika inafaa kwa 3 mm, na 900 hivi kwa 8.5 mm. Tia tone la oili. Ukiona vipande vinatoka kama uzi uliojisokota, unafanya vizuri. Ukiona unga na moshi, unaisugua.

   Onyo: usishike bati kwa mkono. Lifunge kwa jiliwa au klampu, hata kama ni tundu moja dogo. Keekee inapotokeza upande wa pili hunasa, na bati huzunguka nayo kama panga. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto lililotokana na bati dogo kuliko hili tunalotengeneza. Unapokaribia kutokeza, punguza mkandamizo.

   Tundu la taa usilitoboe bado.

7. Lainisha kingo kabla ya kukunja. Piga tupa kingo zote, kisha msasa 120, kisha 240, hasa pale mkunjo utakapopita. Kona nne za nje zizungushe ziwe na mviringo wa 5 mm au zaidi. Ukali kwenye midomo ya matundu uondoe kwa kuzungusha keekee kubwa kwa mkono mara mbili tatu. Huu si urembo, kwani kila mkwaruzo au kona kali ni mahali ambapo nguvu hujikusanya, na ufa hupenda kuanzia hapo.

8. Kunja. Midomo ya jiliwa ni mikali mno. Pata kipande cha chuma cha pembe, zungusha ukingo wake kwa tupa upate mviringo wa 3 mm hivi, ukiweke upande ambao bati litakunjikia. Upande mrefu uingie chini, na mstari wako wa wino ukae sawa na uso wa juu wa kipande hicho. Weka guni kuhakikisha bati limesimama wima. Kisha weka kipande cha mbao kwenye bati, karibu kabisa na mkunjo, na upige mbao hiyo kwa nyundo, ukisogea kushoto na kulia. Usipige ncha ya juu. Hapo bati litapinda kama upinde badala ya kukunjika.

   Chuma hurudi nyuma kidogo ukikiachia, kwa hiyo kipitishe digrii mbili tatu. Ukipitiliza sana, usikirudishe na kukikunja tena na tena. Kunyoosha mara moja kidogo kunavumilika. Zaidi ya hapo kitupe, na ndiyo sababu nilikwambia ununue cha vipande vitatu.

   Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, upime pande zote mbili. Kipande hicho kitakwambia jiliwa lako na mkono wako vinatoa milimita ngapi, na kuanzia hapo tumia namba yako badala ya yangu.

9. Jaribu kwenye pikipiki, kisha toboa tundu la mwisho. Funga breketi kwa mkono, shikilia taa, zungusha usukani, zamisha shokapu. Sasa tia alama ya tundu la taa pale linapotakiwa kweli. Kama tundu la kufungia limekosa kwa milimita moja, lipanue kwa tupa ya mviringo upande mmoja. Likikosa kwa zaidi ya mbili, kata kipande kipya.

10. Paka rangi. Futa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi, sugua kwa msasa 240, futa tena, usiguse tena kwa vidole. Praima tabaka moja, rangi tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja likauke. Sehemu zinazokaa chini ya washa na zinazogusana na fremu ziwe na rangi nyembamba sana. Rangi nene chini ya bolti husagika polepole kwa mtetemo, na nafasi inayobaki ndiyo inayolegeza bolti. Watu wengi hulaumu nati kwa kosa la rangi.

11. Funga. Bolti ya zamani sasa ni fupi, maana umeongeza 3 mm za bati pamoja na washa. Tafuta ndefu kwa kiasi hicho hicho. Ikiwa inaingia kwenye hesi (meno ya ndani ya tundu) za chuma, iingie angalau urefu sawa na kipenyo chake. Ikiwa ni alumini, mara moja na nusu. Hakikisha pia si ndefu mno ikagusa kitu ndani.

    M6 ya 8.8 hukazwa kwa takriban 10 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na M8 kwa 25 Nm. Bolti inayoingia kwenye alumini fuata kitabu cha pikipiki, kwa kuwa kiasi chake mara nyingi ni kidogo zaidi. Kama huna spana ya kupimia nguvu ya kukaza, tumia spana fupi kwa M6 na ukaze kwa kiganja, si kwa bega. Penye nati weka ya nailoni. Pasipo na nati, tone moja la gundi ya hesi ya nguvu ya kati linatosha. Ile ya nguvu kubwa itakulazimisha kupasha moto siku utakapotaka kufungua.

    Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Mstari ukivunjika, nati imesogea, na utaona bila kushika spana.

12. Waya. Taa ya wati 20 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 1.7, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha, nayo ikae karibu na betri. Waya ulegezwe kidogo pale usukani unapozunguka, na usipite juu ya ukingo wa breketi bila mpira wa kuukinga.

13. Endesha, kisha rudi ukague. Baada ya kilomita 50 za kwanza angalia mstari wa rangi na ukaze tena kama umesogea. Kisha tazama mkunjo kwa tochi kila unapoosha pikipiki. Ufa huonekana kwanza kama unywele mweusi kwenye rangi.

Kama unataka kuchomelea

Mtu wa kwanza kutengeneza breketi hana haja ya kuchomelea, na ninashauri usianze hapo. Ukilazimika, mambo matatu. Vua kipuri kwenye pikipiki. Kama hakivuliki, tenganisha betri na kompyuta ya injini, na klampu ya kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea ifungwe karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili umeme usipite kwenye bearing. Bati lenye zinki lisuguliwe hadi zinki iishe, kwa sababu moshi wake hukuletea homa. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kuoshea breki kabla ya kuchomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto mkali hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Safisha kwa spiriti, iache ikauke kabisa.

Bushi za kusogezea

Bushi ni kipande cha bomba kinachosogeza breketi mbali na fremu. Chagua bomba ambalo bolti inapita ndani kwa nafasi ndogo, la ukuta wa 2 mm au zaidi. Shida ni moja tu: ncha zake lazima ziwe mraba kabisa. Ncha iliyokatwa mshazari huipinda bolti inapokazwa, na bolti iliyopinda hukatika. Zungushia bomba kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka, kingo zake zikutane sawasawa, uchore mstari, ukate nje yake, kisha usugue ncha kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo huku ukiangalia kwa guni. Bushi ikizidi 30 mm kwa bolti ya M6, panga upya breketi yenyewe. Bushi ndefu ni mkono mrefu wa mtetemo.

Gasketi ya kava

Kava la klachi au la upande wa injini linavuja, na gasketi imechanika. Hii unaweza kuikata mwenyewe kwa karatasi maalumu ya gasketi inayovumilia oili. Pima unene wa ya zamani kwa venia mahali ambapo haikubanwa sana, ununue unene huo huo; 0.5 mm ni wa kawaida. Gasketi ya kichwa cha silinda usiikate kwa karatasi, haiwezi joto wala mkandamizo wa pale. Ya chini ya silinda pia iache, kwa sababu unene wake hubadilisha mkandamizo wa injini.

1. Safisha kava lote, ondoa mabaki ya gasketi kwa kikwangulio cha plastiki au mbao. Bisibisi huchimba alumini, na mchimbo huo ndio utakaovuja.
2. Paka oili nyembamba kwa kidole kwenye uso wa kava, lilaze juu ya karatasi, bonyeza. Umbo lote litabaki.
3. Tundu za bolti zitoboe kwanza, mbili zinazotazamana, kwa bomba dogo lenye ukingo uliochongwa, chini ukiweka mbao. Pitisha bolti humo ili karatasi isisogee, kisha toboa zilizobaki.
4. Kata ndani kwanza kwa wembe, nje mwisho kwa mkasi. Ukianza nje, karatasi itakosa nguvu na kuchanika.
5. Angalia vitundu vyote vya oili. Kuna kitundu kidogo ambacho wengi hukisahau, na gasketi ikikiziba, sehemu fulani ya injini haipati oili. Linganisha na gasketi ya zamani, tundu kwa tundu, mara mbili.
6. Kaza bolti kwa kupishana kama nyota, nusu kwanza, kisha kamili.

Kuna fundi watakaokuonyesha kugonga karatasi kwa nyundo ya mviringo moja kwa moja kwenye ukingo wa kava hadi ikatike. Ni haraka, lakini huuponda ukingo wa alumini. Usifanye hivyo kwenye injini unayoipenda.

Ikikataa

*Taa inatetemeka usiku.* Mkono ni mrefu au bati ni jembamba. Fupisha kwanza. Ikishindikana, kunja kingo za pembeni juu kwa 8 mm ziwe kama mfereji. Bati la unene ule ule litakuwa gumu zaidi bila kuongeza uzito wa maana.

*Ufa kwenye mkunjo.* Kona ilikuwa kali, au ulichora kwa sindano, au bati lilikunjwa kufuata mwelekeo wa mistari ya kiwandani badala ya kuikata. Kitupe na utengeneze kingine chenye kona ya mviringo mkubwa. Kuchomelea ufa huo hakudumu.

*Ufa unaoanzia kwenye tundu.* Tundu liko karibu mno na ukingo, au lilibaki na midomo mikali.

*Bolti inalegea kila wiki.* Angalia rangi chini ya washa, kisha kama breketi inalala bapa kwenye fremu kabla ya kukaza. Ikiwa unaivuta kwa bolti ili iguse, inafanya kazi kama springi, na itailegeza nati yoyote utakayoweka.

*Keekee haikati, ncha imekuwa ya bluu.* Imeungua kwa mwendo wa haraka bila oili. Inoe au badilisha, punguza mwendo, ongeza mkandamizo.

*Matundu hayalingani baada ya kukunja.* Namba uliyotoa ya mkunjo si ya jiliwa lako. Rudi hatua ya 8, pima kipande cha kujaribia.

*Kutu inatokea chini ya breketi ya alumini, au unga mweupe.* Alumini na chuma vikigusana penye maji, alumini huliwa. Tenganisha kwa washa ya nailoni au kipande cha mpira mwembamba na mgumu, na paka greisi kidogo kwenye bolti, mahali pasipo na gundi ya hesi.

*Gasketi mpya inavuja mahali pamoja tu.* Laza kava juu ya kioo na ujaribu kupitisha karatasi nyembamba chini yake pande zote. Ikipita mahali fulani, kava limepinda kwa sababu lilikazwa upande mmoja. Lisugue polepole kwenye msasa namba 240 uliolazwa juu ya kioo hicho, kwa mwendo wa namba nane, hadi uso wote ung'ae kwa usawa, kisha lioshe vumbi lote kabla ya kurudi kwenye injini.